Mtihani wa piloti hauhitaji ndege. Juu gani mtoto wa Shabunda asiufanye?

Ndugu vijana wa Shabunda, wa Bukavu na wa popote mlipo,

Hapa kwetu mtoto anatofautisha moteri za ndege mbele ya kujua kuandika jina lake. Akisikia sauti kwa mbali anakuambia: ile ni Let, ile ni Antonov, ile ndogo ni Caravan. Si ajabu. Teritwari ya Shabunda iko na kilometa mraba zaidi ya 25,000, karibu sawa na Rwanda nzima, na barabara ya Burhale–Shabunda wote mnaijua: ni matope, ni madaraja yaliyooza, ni pikipiki inayobebwa na mtu pahali pa kumbeba mtu. Chumvi, sabuni, dawa, madaftari, vyote vinashuka kutoka angani. Dhahabu na kasiterite vinapanda.

Sasa nawauliza: katika hizo ndege zote zilizotua hapa, mmeona mara ngapi piloti mtoto wa Shabunda? Mimi niko na miaka 26 na sijaona hata mmoja. Sisi tunapakua. Tunasukuma mapipa. Tunafukuza mbuzi kwenye kiwanja. Kisha piloti anawasha moteri, tunapigwa vumbi machoni, tunarudi nyumbani.

Wazee watasema piloti ni mambo ya watoto wa watu wakubwa. Kweli, saa za kuruka ni bei kali. Lakini leo siongei juu ya saa za kuruka. Naongea juu ya mlango wa kwanza, ule usioomba ndege wala mafuta: mtihani wa teori. Na nieleze vile mimi niligonga huo mlango.

Dolari 120

Nilisoma fizike kwenye chuo kikuu. Dipulome iko kwenye bahasha, kazi hakuna, sawa na wengi wenu. Mwaka 2023, nikiwa Bukavu, nilianza kutelesharji vitabu vya ndege kwenye telefone usiku, saa ile megabaiti ziko bei ya chini. Wamarekani wa FAA wanatoa bure kitabu kikubwa cha kufundisha mapiloti. Nikakisoma kurasa kwa kurasa na kamusi ya Kingereza pembeni. Nikashangaa: hii ni fizike yangu! Mkandamizo wa hewa, joto, uzito, vekta. Nikajiambia, mtihani huu naweza kuufanya.

Ndipo shida ilianza. Unajiandikisha wapi? Siku gani? Unalipa ngapi, kwenye banki gani? Makaratasi gani? Niliuliza kushoto na kulia, kila mtu na jibu lake. Mmoja aliniambia umri lazima miaka 21. Mwingine aliniambia bila kuwa na mjomba Kinshasa usijaribu. Mwisho yaya mmoja wa mtaa, mtu wa shati safi, aliniambia yeye anajua njia: toa dolari 120, nitakushikia nafasi, session iko mwezi wa nne Kinshasa.

Mama aliuza mbuzi wawili. Mimi nikaongeza pesa ya kufundisha watoto wa jirani hesabu. Tukalipa. Risiti? Alituma picha kwa WhatsApp, na muhuri ambao sikuweza kuusoma. Binamu yangu wa Kinshasa akaenda kuuliza mahali pangu. Akanipigia: "Kaka, jina lako haliko. Na session ya ile tarehe haiko." Telefone ya yule yaya toka siku ile haiiti.

Simshitaki mtu wa leta hapa. Aliyekula pesa yangu ni mjanja wa mtaa. Lakini mjanja anaishi pale ambapo habari haifiki. Kama tarehe, bei na orodha ya makaratasi vingekuwa vimebandikwa kwenye ukuta wa teritwari, yeye angekula nini?

Mtihani wenyewe ni nini

Hii niliyotafuta kwa mwaka mzima, nawapa bure.

Kanuni za leseni hazikuanzia Kinshasa. Ziko kwenye Aneksi ya 1 ya mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamiwa na OACI, shirika la umoja wa mataifa la mambo ya anga. Kila nchi mwanachama inaweka hizo kanuni ndani ya sheria yake. Kwetu ni sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na mwenye kazi ni Autorité de l'Aviation Civile, ile AAC, yenye makao Kinshasa.

Umri: miaka 17 kwa leseni ya piloti wa kujirusha mwenyewe, 18 kwa leseni ya piloti wa kazi, 21 kwa ile ya kapiteni wa ndege kubwa. Kwa hiyo yule wa "lazima 21" alichanganya. Kwa leseni ya kazi, OACI inaomba saa 200 za kuruka, ao 150 kama ulisoma kwenye shule iliyokubaliwa. Inaomba tena cheti cha daktari wa anga, klasi ya 1. Na kwa redio ya safari za kimataifa, Kingereza cha nivo ya 4.

Teori iko na masomo 9: sheria za anga, ndege na moteri yake, uzito, uwezo wa ndege na mpango wa safari, mwili na akili ya mwanadamu, hali ya hewa, kutafuta njia, kanuni za kazi, sababu gani ndege inaruka, na maongezi ya redio.

Angalia vizuri ile orodha, ndugu. Nusu yake tunaiishi hapa. Kavumu iko juu, karibu mita 1,720. Hewa pale ni nyepesi, na jua likipiga inazidi kuwa nyepesi: moteri inachoka, bawa linabeba kidogo. Juu ya hiyo mzigo unaopanda saa kumi na mbili asubuhi hauwezi kupanda wote saa nane mchana. Kati ya Bukavu na Shabunda iko Kahuzi, mita 3,308, na Biega, mita 2,790, na mawingu ya mchana yanajaa pale kama ukuta. Mama zetu wanaona mchezo wa mzani kila siku: kilo zinazoandikwa na kilo zinazopanda hazifanani. Piloti anayejua teori anajua kwamba zile kilo za kuficha ndizo zitakazomkosesha kuruka mwisho wa kiwanja kifupi.

Hii si masomo ya kujipendekeza. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ndogo ya watu wa misaada, iliyotoka Kisangani, iligonga mlima karibu ya Bukavu wakati wa hali mbaya ya hewa. Watu 17 walikufa. Na toka 2006 makampuni ya ndege ya Kongo yako kwenye orodha nyeusi ya Ulaya. Tunahitaji watu wengi waliosoma vizuri, na waliofanya mtihani wa kweli, si wa bahasha.

Kama Exetat inafika, hii pia inaweza kufika

Neno langu ni moja tu: mtihani wa teori unahitaji chumba, meza, msimamizi na sanduku lililofungwa. Labda ordinatere. Hauhitaji ndege.

Toka 1967 nchi hii inafanya Exetat. Kila mwaka masanduku ya maswali yanafika Shabunda. Barabara hakuna, umeme hakuna, mara vita, mara mafuriko, na masanduku yanafika. Watoto wetu wanakaa kwenye madawati hapa hapa, siku moja na saa moja na watoto wa Gombe. Hakuna anayemwambia finaliste wa Shabunda: panda ndege uende Kinshasa kujibu maswali ya hesabu. Leta inajua kupeleka mtihani kwa mtoto. Imefanya hivyo zaidi ya miaka hamsini.

Kinshasa iko mbali na sisi zaidi ya kilometa 1,300 kwa kunyoosha. Bukavu ni kama 170, chini ya saa moja kwa ndege. Halafu Februari 2025 vita vikafika Kavumu, ndege za raia zikaacha, na hata hiyo saa moja ikapotea. Mtoto wa Shabunda anayetaka kwenda kuuliza tu "mnaandikisha siku gani?" anatoa pesa kushinda bei ya mtihani wenyewe, na njia yake inapita kwenye bunduki.

Wako watakaosema: bila shule iliyokubaliwa, mtu haingii kwenye mtihani. Sawa, hiyo naikubali. Hata Ulaya shule ndiyo inakupendekeza, kisha unapata asilimia 75 kwa kila somo, na miezi 18 ya kumaliza yote. Basi watuandikie shule gani zinakubaliwa, ziko wapi, zinafundisha teori kwa mbali ao hapana. Hilo ni karatasi moja.

Wengine watasema, na baba yangu ni mmoja wao: "Mtoto, barabara kwanza! Unataka kuruka na hatuwezi kutembea?" Baba, nakuheshimu. Barabara ya Burhale tutaidai mpaka tuione. Lakini miaka yote tuliyongoja barabara, ndege zilikuwa zinatua, na kazi ya ndani ya ndege ilikuwa ya wengine. Tukingoja kimoja mbele ya kingine, tutakosa vyote viwili.

Tunaomba nini

Kwa AAC na kwa wizara ya usafiri, tunaomba mambo manne:

1. Kalenda ya mitihani ya teori ya mwaka mzima, bei, orodha ya makaratasi na orodha ya shule zinazokubaliwa, viandikwe wazi kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, vibandikwe kwenye buro za teritwari na visomwe kwa redio.

2. Kujiandikisha na kushika nafasi kufanyike kwa telefone, malipo yapite banki ao Mobile Money, na namba ya risiti ambayo kila mtu anaweza kuihakikisha mwenyewe. Wajanja watakufa njaa.

3. Session moja kwa mwaka nje ya Kinshasa. Ianze kwenye miji inayofikika leo, Kisangani ao Kindu, na Bukavu siku amani itakapoturuhusu.

4. Uganda, kule Soroti, iko chuo cha ndege kilichoanzishwa 1971 na ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022. Wajumbe wetu waulize nafasi za vijana wa Kongo pale, na watuambie jibu.

Na kwenu vijana, maneno matatu. Usimpe mtu pesa ya "kushika nafasi" bila kuona tarehe iliyotangazwa na mwenye mtihani. Usione aibu kusema umeibiwa. Nilikaa miezi sita nikinyamaza, na katika ile miezi vijana wawili wa kata yetu walimlipa mtu yule yule. Na usitupe daftari ya fizike.

Mimi kila Jumamosi saa nane niko chini ya mwembe karibu ya kiwanja, na ubao mmoja na chaki. Tuko saba. Wasichana ni watatu. Wiki iliyopita tulisoma namna ya kuhesabu uzito wa ndege, na mmoja, binti wa mama anayeuza mafuta ya mawese, alimaliza hesabu mbele yangu. Alikuwa na miaka 17 kamili. Umri wake kwa OACI unatosha. Akaniuliza: "Mwalimu, mtihani ni lini?"

Sikuwa na jibu. Nyinyi mnaoshika hiyo kalenda, mjibuni.

Shabunda, Kivu ya Kusini