Kutoka Rusinga Hadi Loiyangalani kwa Bodaboda

Dada yangu aliniwekea chai mezani, kisha akaketi bila kujimiminia yake. Nikajua kuna jambo. Nilikuwa nyumbani Rusinga kwa likizo ya Agosti, na nilikuwa nimejiandaa kwa samaki na usingizi tu.

"Kaka," akasema, "shemeji yako hapatikani kwa simu tangu mwezi wa tano. Wageni wanataka kuja kwa ajili ya binti yetu. Watazungumza na nani?"

Shemeji ni mvuvi. Samaki walipompungukia hapa kwetu, aliwafuata wenzake Loiyangalani, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana. Msomaji asishangae. Mbuta, ambaye kwetu aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, kule ni mwenyeji wa tangu jadi, na mvuvi humfuata samaki. Alikuwa akituma pesa kila mwezi. Halafu kimya.

Mpwa wangu, mwendeshaji wa bodaboda pale Mbita, alikuwa mlangoni akisikiliza. "Mjomba, kesho twende. Nina chombo." Chombo chenyewe ni pikipiki ya sisi 150. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tulivuka daraja la Mbita alfajiri, na siku mbili zilizofuata nazipita upesi: Homa Bay, Kisii, Kericho, Nakuru, Nyahururu, lami na mgongo kuuma. Safari hasa huanzia Maralal. Kutoka hapo hadi Loiyangalani ni zaidi ya kilomita 200, na nilizopita mimi zilikuwa za vumbi, mchanga na mawe.

Pale Maralal kijana alifunga mitungi miwili ya petroli nyuma ya pikipiki. Maji yalikuwa chupa tatu. Fundi mmoja mzee aliutazama mzigo wetu, akauliza, "Mtakunywa petroli?" Kijana akaona ametukanwa. Nami, mtu mzima ninayetoa ushauri humu kila Jumapili, nikanyamaza.

Kufika Baragoi, barabara ilikuwa imetufunza adabu. Malori yakipita mara kwa mara juu ya changarawe huacha vijituta vinavyofuatana kama mawimbi ya ziwa, na kila kijituta hulegeza nati yake. Jioni tulikuta taa inaning'inia na bamba la namba halipo. Mtu wa Mbita anayajua matope, mchanga haujui. Kwenye laga ya kwanza, yaani mto mkavu, mpwa wangu alikamata breki ya mbele kama afanyavyo akiona ng'ombe barabarani, tukalala chini. Ya pili vilevile. Ya tatu alipunguza upepo kidogo kwenye magurudumu, akaweka gia ya pili, akaiacha mashine iende bila kuishikashika. Tukapita.

Hapo Baragoi tulikwenda kituo cha polisi kuuliza hali ya njia. Huo si woga. Mnamo Novemba 2012, katika bonde la Suguta, si mbali sana na hapo, zaidi ya polisi 40 waliuawa katika shambulio moja walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Tuliambiwa njia ni shwari, ila tusisafiri usiku.

Ukishapita South Horr, penye miti na Mlima Nyiro juu yako, nchi inabadilika. Tuliipita mitambo ya upepo ya Sarima, 365 kwa idadi, ikizunguka pasipo mtu. Kisha yakaja mawe meusi ya volkano, makali, hadi macho yanapokoma. Pancha ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ikaipasua tyubu yenyewe, na viraka vilikuwa vimekwisha. Ilikuwa saa saba mchana. Maji yaliyobaki yalijaa kikombe kimoja. Petroli tele.

Tuliketi kwenye kivuli cha pikipiki, ambacho hakikumtosha hata mtu mmoja. Kijana akaanza kumtaja mama yake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Aliyetuokoa ni mzee wa Kisamburu aliyekuwa akichunga ngamia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kisamburu chetu hakipo. Alitupa kibuyu cha maziwa ya ngamia, akangoja tunywe, kisha akaligonga gurudumu kwa fimbo, akashika koti langu, akaonyesha ndani ya taili. Tukalijaza koti, blanketi na suruali mbili mahali pa tyubu, tukaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Jua likikaribia kuzama tukaliona ziwa, lile lililoitwa Rudolf hadi 1975, kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani, rangi yake kijani, na upepo ukitaka kutuangusha.

Shemeji alikuwa hai, ameketi akishona wavu. Simu yake ilizama mwezi wa tano, na dhoruba hiyohiyo ikachukua nyavu zake.

"Si ungeazima simu ya mtu?" nikamuuliza.

"Nipige niseme nini, shemeji, na mkono mtupu?"

Mwanawe alifungua mfuko, akampa omena waliotumwa na mama. Akachukua mmoja, akamnusa, akageuka kulitazama ziwa kwa muda mrefu.

Tulirudi watatu, pikipiki ikiwa ndani ya lori la samaki, chini ya magunia. Kabla hatujaondoka mpwa wangu alikwenda dukani peke yake. Alirudi na chupa za maji, akazipanga miguuni petu, akazihesabu mara mbili. Zilikuwa kumi na mbili.