Mwali wa Uingereza na Somo Ambalo Hafundwi



Harusi zetu za visiwani zina maandalizi yake. Somo humfunda mwali, singo husuguliwa, hina huchorwa, udi hufukizwa, na sanduku hujazwa kanga. Lakini kwa mwali anayeolewa na kupelekwa Uingereza, tunaona mafundisho yana pengo: haambiwi aende kwa nani ndoa ikifika kwenye sheria. Rai yetu ni kuwa hilo nalo afundwe.

Kwetu tukisema wakili, ni mtu mmoja. Anakusikiliza ofisini, anaandika madai, na yeye huyo anasimama mbele ya hakimu. Uingereza kazi hiyo wamegawana wawili. Solisita hukaa na mteja, hutunza faili na kushughulika na makaratasi ya kesi. Barista (siye yule wa kahawa!) hutoa ushauri wa kisheria na kusimama mahakamani kutetea. Zamani raia wa kawaida hakumfikia barista ila kwa kupitia solisita, akawalipa wote wawili. Tangu 2004, katika England na Wales, mtu anaweza kumwendea barista moja kwa moja kwa mambo mengi, na siku hizi yamo pia talaka, malezi ya watoto na uhamiaji.

Faida yake kwa mke mgeni ni kubwa. Anaweza kuambiwa na wakwe kuwa "wakili wa familia yupo, wewe tia saini tu." Asitie. Anaweza kumlipa barista kwa ushauri wa mara moja, kwa ada iliyokubaliwa kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, akajua haki zake na nini cha kukataa.

Lakini njia hii si ya kila mtu. Barista kwa kawaida hakutunzii pesa za kesi, wala hakuendeshei kesi, isipokuwa mwenye kibali maalumu. Kujaza fomu, kuzipeleka mahakamani na kuchunga tarehe kunabaki kwako. Kama Kiingereza bado kinakusumbua, au una watoto wadogo na huna wa kukushika mkono, solisita anaweza kuwa nafuu zaidi ingawa ni ghali. Barista naye ana haki ya kukataa, akiona kesi yako inahitaji solisita. Na si kila barista anaruhusiwa kupokea wateja moja kwa moja: tazama daftari la Bar Standards Board kabla hujatoa hata senti.

Anayepigwa au kunyanyaswa aanze kwingine. Serikali ya huko ina msaada wa kisheria kwa mwenye ushahidi wa unyanyasaji na kipato kidogo, na msaada huo hupatikana kwa solisita, si kwa njia hii ya moja kwa moja. Asilipe kabla hajauliza kama anastahiki.

Wakili yeyote utakayemwendea, atakuuliza cheti cha ndoa. Nikaha iliyofungwa Zanzibar kwa kufuata sheria za hapa, kwa kawaida hutambuliwa kule. Nikaha iliyofungwa Uingereza bila kusajiliwa kiserikali, haihesabiwi kuwa ndoa mbele ya sheria yao. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilikataa kuitambua nikaha ya namna hiyo iliyofungwa London mwaka 1998, baada ya miaka mingi ya ndoa na watoto. Mke wa namna hiyo hana mgao anaoupata mke aliyesajiliwa wakati wa talaka. Basi nakala ya cheti ikae kwako, nyingine kwa mama.

Wapo watakaosema kumfunda mwali habari za mahakama ni kumtabiria talaka. Hatukubaliani nao. Mwenyezi Mungu ametuteremshia sura nzima inayoitwa At-Talaq, na hakuna aliyesema inavunja nyumba. Tena Khawla bint Thaalaba, radhi za Allah ziwe juu yake, alipodhulumiwa na mumewe kwa dhihari, hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa Mtume (s.a.w.), akajadiliana naye, na Mola wake akamsikia. Sura ya Al-Mujadila imeanza kwa kisa chake.

Masomo na mama zetu, siku mnapomkalisha mwali anayesafiri, baada ya kumweleza namna ya kumtunza mume, mwelezeni na hili. Mwambieni nikaha isajiliwe, cheti akitunze mwenyewe, na kwamba akidhulumiwa upo mlango anaoweza kuugonga bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zetu ziwe za utulivu na mapenzi. Amin.