Magoti ya Mama na Mashine ya Baridi

Ndugu msomaji, miongoni mwa barua zilizoufikia ukurasa huu imo moja ya mama wa watoto watatu ambaye, kwa ombi lake mwenyewe, hatutataja jina lake wala mji anakoishi. Anaeleza kwamba zamu yake ya upatu imewadia, na kwamba fedha hizo amekusudia kuzipeleka kwenye nyumba moja ya urembo ambako, kwa mujibu wa tangazo aliloliona, mafuta ya magotini huondolewa bila kisu, bila dawa ya usingizi na bila kulazwa. Harusi ya mdogo wake i karibu, gauni la sare limekatwa fupi kidogo, naye anaona haya. Mwishoni mwa barua, kama mtu anayetaja jambo lisilo na uzito, ameongeza kuwa miguu yake humuuma kila jioni, na huvilia damu hata akijigonga kidogo kwenye kona ya kiti.

Swali lake ni moja tu: je, alipe? Jibu letu ni kwamba asilipe bado. Sababu zake zataka maelezo, kwa maana matangazo ya namna hii yamezagaa siku hizi, na hapana shaka wapo wasomaji wengine wanaolitafakari jambo hilo hilo kimya kimya.

Tuanze na goti lenyewe. Mwili wa mwanamke, kwa amri ya homoni zake, hupenda kuweka akiba ya mafuta nyongani, mapajani na upande wa ndani wa magoti. Akiba hiyo huanza kujengwa wakati wa kuvunja ungo, tena aghalabu ndiyo ya mwisho kuondoka mtu anapokonda. Si alama ya uvivu wala ya ulafi. Mama anayelima, anayepiga magoti kupika na kuswali, anayebeba maji kichwani, aweza kuwa na magoti manene kushinda ya karani anayeketi kutwa nzima.

Na haya ya magoti si mambo mageni kwetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1, 1969, kupiga vita sketi fupi na mavazi mengine yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni, na kwa muda magoti ya wasichana wa Dar es Salaam yakawa hoja ya mikutano na ya magazeti. Wakati ule goti lilikatazwa kuonekana. Leo linaruhusiwa, ila kwa sharti kwamba liwe jembamba. Mwandishi wa safu hii haoni kama mwanamke amepata nafuu kubwa kati ya amri hizo mbili.

Sasa tuiangalie mashine. Mwaka 1970 madaktari wawili wa Marekani waliandika habari za mtoto mchanga ambaye shavu lake lilivimba na kuwa gumu baada ya kunyonya barafu ya kijiti, yaani lambalamba kama zile ziuzwazo nje ya shule zetu. Uvimbe ulipopoa, ilidhihiri kwamba baridi ilikuwa imeyadhuru mafuta ya shavuni huku ngozi ikibaki salama. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Dieter Manstein na Rox Anderson, wakaifanyia wazo hilo majaribio juu ya nguruwe, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo yao. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ikairuhusu mashine ya kwanza ya namna hiyo kutumika mbavuni, pale nyama zinapofurika juu ya mshipi.

Utendaji wake si mgumu kuuelewa. Kikombe hufyonza ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, kisha huvibana kati ya bati mbili za baridi kali kwa muda wa nusu saa hadi saa nzima. Mafuta huganda katika joto ambalo maji bado hayajaganda, kama mnavyoyaona mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya kipupwe ilhali maji ya mtungini yanatiririka. Kwa hiyo seli za mafuta huumia kabla ya ngozi. Seli hizo hufa polepole, na mwili huzizoa katika muda wa miezi miwili au mitatu. Mtu anayeahidiwa magoti mapya kabla ya harusi ya mwezi ujao ameahidiwa jambo ambalo mwili wenyewe hauwezi kulitimiza.

Na je, hupungua kiasi gani? Pale kazi inapofanikiwa, tabaka la mafuta lililotibiwa hupungua kwa kiasi cha humusi moja hadi robo. Fikiri basi: tumbo lenye mafuta ya kushikika kwa kiganja kizima likipungua robo, mwenyewe ataona. Lakini mafuta ya goti ni ya kushikwa kwa vidole viwili. Robo ya hayo ni kitu gani? Wapo madaktari waliojaribu vikombe vidogo upande wa ndani wa goti na kuona upungufu, lakini upungufu wenyewe ulikuwa wa kupimwa kwa milimita. Isitoshe, kinachoning'inia juu ya pia ya goti mara nyingi si mafuta bali ni ngozi iliyolegea kwa umri au kwa kukonda, na baridi haikazi ngozi iliyolegea.

Jambo la pili ambalo tangazo halisemi ni hili. Nchini Marekani, idhini ya mashine iliyo mashuhuri kuliko zote za aina hii imekuwa ikipanuliwa mwaka hata mwaka: tumbo, mapaja, chini ya kidevu, mikono ya juu, mgongo, chini ya makalio. Goti halikutajwa katika orodha hiyo. Daktari anayeitumia magotini huifanya kwa hiari yake, na pengine anajua afanyalo. Swali ni kama yule aliyeishika mashine katika chumba cha urembo ni daktari. Pembeni mwa goti, upande wa nje na chini kidogo, hupita mshipa wa fahamu ulio karibu sana na ngozi, ukizunguka shingo ya mfupa mwembamba wa muundi. Mshipa huo ukidhurika, mtu hushindwa kuuinua wayo, akawa anauburuta. Umepata kudhuriwa hata na barafu ya kawaida iliyofungwa gotini kwa muda mrefu, seuze bati la mashine likiwekwa mahali pasipo pake na mtu asiyeijua ramani ya mguu.

Lipo pia dhara la ajabu ambalo madaktari waliliandika kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Kwa watu wachache, mafuta yaliyogandishwa hayapungui, bali huongezeka. Huota uvimbe mgumu wenye umbo la kile kikombe, usioondoka ila kwa upasuaji. Mwanamitindo wa Kanada, Linda Evangelista, ambaye picha zake zilipamba majarida ya dunia katika miaka ya 1990, alijitokeza mwaka 2021 kusema kwamba hayo yalimpata yeye, na kwamba yalimfanya ajifungie ndani kwa miaka. Shauri alilofungua lilimalizika kwa mapatano mwaka 2022. Ni kweli kwamba dhara hili ni adimu. Lakini mwenye fedha za upatu, akipatwa, atapata wapi za upasuaji?

Zipo na mashine nyingine zinazochoma mafuta kwa leza, kwa mawimbi ya redio au ya sauti. Hoja ni ile ile: hupunguza kidogo, na goti lina kidogo cha kupunguzwa.

Sindano ndizo zinazotutia hofu zaidi, kwa kuwa sindano haihitaji mashine ya gharama, na yeyote mwenye kichupa aweza kujiita mtaalamu. Dawa inayojulikana ni asidi ya deoksikoliki, ambayo kwa kawaida huwamo katika nyongo na husaidia kusaga mafuta ya chakula. Ikidungwa, hupasua utando wa seli. Haichagui sana: ikimwagika karibu na ngozi, ngozi hufa, ikigusa mshipa wa fahamu, mshipa huumia. Mwaka 2015 Marekani iliiruhusu kwa mahali pamoja tu, chini ya kidevu. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya juu ya sindano za kuyeyusha mafuta zisizo na idhini, baada ya watu kupatwa na makovu ya kudumu, maambukizo makali, na vinundu vyenye maumivu chini ya ngozi. Hapa Tanzania, kusajili dawa na vifaa vya namna hii ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mteja ana haki ya kuuliza jina la dawa, kulisoma kwenye kichupa kwa macho yake, na kuuliza kama imesajiliwa. Akijibiwa kwa kicheko, achukue mkoba wake aondoke.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya mwisho ya barua, ambayo kwetu ndiyo barua yenyewe. Miguu inauma jioni. Inavilia damu kwa kugongwa kidogo. Ndugu msomaji, si kila unene wa goti ni mafuta ya kawaida. Goti laweza kujaa maji kwa sababu gegedu lake limeanza kulika. Goti hilo huwa zito kukunja, hasa asubuhi au baada ya kukaa, na likipelekwa kwenye baridi ya mashine litapotezewa miezi. Miguu yaweza kuvimba kwa maradhi ya moyo au ya figo, na hapo ukibonyeza kwa kidole shimo hubaki. Pwani tunayajua matende, yaletwayo na mbu, ambayo hayaachi wayo, na mara nyingi huukuza mguu mmoja kuliko mwenzake.

Lakini yapo maradhi mengine yasiyojulikana sana, hata kwa baadhi ya waganga, yaitwayo lipedema. Yalielezwa mwaka 1940 na madaktari Allen na Hines wa Kliniki ya Mayo huko Marekani. Huwapata karibu wanawake peke yao, na huanza wakati wa kuvunja ungo, wa mimba au wa kukoma hedhi. Mafuta hujaa miguu yote miwili kwa usawa, nyongani hadi kwenye vifundo, kisha hukoma ghafla kana kwamba mtu amefungwa uzi. Nyayo hubaki nyembamba. Miguu huuma ikiminywa na huvilia damu upesi. Mwanamke hufunga, hujinyima, hukonda uso na kifua, na miguu isimsikilize. Wangapi wameambiwa na waume zao, na mawifi, na hata wauguzi, kwamba wanakula sana? Hatusemi kwamba mama huyu anayo. Tunasema kwamba hakuna aliyemtazama, na nyumba ya urembo haikusudii kumtazama.

Kwa aliye na uzito uliozidi na maumivu ya goti, ipo habari njema isiyouzwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipima mwendo wa wazee 142 wanene wenye magoti yaliyolika, wakaona kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini iliondoa mzigo wa kilo nne gotini katika kila hatua. Zidisha kwa hatua za kwenda sokoni na kurudi. Mazoezi hayayeyushi mafuta ya mahali ulipopachagua, hilo lisemwe wazi, lakini msuli wa mbele wa paja ukiwa na nguvu hulishika goti na kulituliza. Keti kitini, nyosha mguu mmoja hadi unyooke, uhesabu hadi tano, ushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Haigharimu upatu.

Nawe mama uliyetuandikia, zihifadhi fedha hizo kwanza. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa umwone daktari, na uvae nguo inayoweza kupandishwa hadi juu ya mapaja. Mweleze ni mwaka gani miguu ilianza kunenepa, kama ilikuwa kabla au baada ya uzazi, kama viatu vyako bado ni saizi ile ile, na umwonyeshe zile alama za damu kabla hazijafifia. Ama lile gauni la sare, fundi aliyelikata aweza kuongeza pindo la inchi nne kwa kitambaa kilichobaki.