Injini Isiyojulikana na Mali ya Mayatima

Juma hili tunawaletea wasomaji jambo ambalo kwa dhahiri ni la gereji, lakini kwa hakika ni la amana.

Ndugu yetu mmoja wa mtaani alifariki akaacha mjane, watoto wanne ambao watatu kati yao hawajabaleghe, na Land Rover kuukuu iliyosimama chini ya mwembe kwa miaka mingi. Kadi yake yaonesha ilitengenezwa mwaka 1967. Akajitokeza mnunuzi apendaye kufufua magari ya zamani, akaahidi bei nzuri kwa sharti moja: injini iwe ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Familia ikaiomba kamati ya msikiti isimamie mauzo. Tulipofunua boneti, namba iliyogongwa kwenye bloku haikulingana na ya kadi.

Hapo kila aliyepita akawa fundi. Mmoja alisema injini ni ya Toyota, mwingine akaapa ni ya Peugeot. Sisi hatukutaka kushuhudia kwa dhana, tukamwita mzee mmoja aliyezeekea katika kazi hiyo. Akaagiza kwanza injini ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi, kwani alama nyingi hufichwa na grisi.

Ilipotakata, akaanza na yaliyo wazi. Silinda nne. Plagi za kuwashia zipo, wala hakuna pampu ya dizeli wala nozeli. Basi ni ya petroli. Kwa kuwa gasketi ilikwisha kuungua, silinda hedi ikavuliwa, akapima. Kipenyo cha silinda kilizidi kidogo milimita 90, na mwendo wa pistoni ulikaribia milimita 89. Akatuonesha hesabu ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya: nusu ya kipenyo izidishwe kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa idadi ya silinda. Jawabu lilikaribia sentimita za ujazo 2,286, nao ndio ujazo wa injini ya petroli ya lita mbili na robo ambayo Land Rover ilianza kuitumia mwaka 1958.

Kijana mkubwa wa marehemu akafurahi. Lakini fundi hakuridhika, kwa sababu ya ile namba. Akalala chini ya gari, akafungua sampu, akahesabu beringi kuu zinazobeba krankshafti. Zilikuwa tano. Injini za aina hii zilikuwa na tatu hadi mwaka 1980, ndipo zikawekwa tano. Kwa hiyo bloku hii haikuzaliwa pamoja na gari. Ni ya kabila moja nalo, lakini ni ya zama za baadaye. Mjane akakumbuka sanduku la karatasi za mumewe. Humo tukapata stakabadhi ya mwaka 1986 ya kununulia bloku hiyo. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu, kwani shaka ya mali ya wizi iliondoka.

Uliobaki ulikuwa mtihani mzito zaidi. Kijana akatuuliza kwa unyonge: "Maalim, ni Land Rover ile ile, tena hii ina beringi nyingi zaidi. Nani atakayefungua sampu? Na ada za wadogo zangu je?" Mpita njia mmoja akashauri namba ikwanguliwe na kugongwa ya kadi.

Shauri hili la pili ni kughushi, ni haramu na ni jinai. La kwanza ndilo linalowanasa watu wema. Tulimkumbusha kijana kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni akakuta unyevu ndani yake, akamkemea mwenye kuuza kwa kuuficha. Kasoro ya mali hutazamwa kwa lile alilolitaka mnunuzi. Beringi tano ni nguvu kwa mwenye kubeba mizigo, bali kwa huyu aliyeshurutisha uasili ni upungufu. Tena sharia humpa mnunuzi aliyefichwa kasoro haki ya kurudisha mali na kudai fedha zake. Lau angegundua baada ya mirathi kugawanywa, mayatima wangedaiwa fedha walizokwisha kuzila.

Tukamweleza mnunuzi yote, tukamwonesha stakabadhi. Akapunguza bei, na upungufu ule uliiuma familia, hatusemi vinginevyo. Mjane akasema, "Nitawalisha wanangu kwa kilicho chao." Mauziano yakaandikwa mbele ya mashahidi, namba halisi ya injini ikatajwa, na tukashauri mamlaka ya usajili ijulishwe. Mjane akapewa thumuni yake, na watoto wakagawana kilichobaki kwa mafungu yao.

Enyi akina baba, kila mnapobadilisha kitu kikubwa katika chombo, hifadhini stakabadhi na sahihisheni kadi mngali hai. Karatasi ile moja ya mwaka 1986 ilimtetea marehemu siku ambayo hakuwa na ulimi wa kujitetea. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awalee mayatima wake kwa halali. Amin.