Kusadikika Si Swali la Mtihani

Malenga wenzangu, kuna dhuluma tunayoifumbia macho. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951, alituundia nchi inayoelea angani, yenye wajumbe waliotumwa pande sita: nne za dunia, kisha mbinguni na ardhini. Tulioisoma utotoni tulijiuliza kwanza: mtu hupandaje huko, na akiteleza huangukia wapi? Adili na Nduguze nayo ikatupa ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Mshangao ule ndio uliotufunza kuipenda lugha.

Leo mwanafunzi hupewa ufunguo kabla hajauona mlango: Kusadikika ni nchi iliyotawaliwa, Majivuno ni dhalimu, Karama ni mtetezi wa haki, andika, kariri, jibu. Sikatai kwamba kitabu kina fumbo. Ninalokataa ni fumbo kufumbuliwa kabla hadithi haijasikika. Kisha twalalama kwamba vijana wanakimbilia njozi za Kiingereza! Wameukimbia mtihani, lugha hawajaikimbia. Walimu, mwacheni mtoto aelee kwanza. Dhamira ataikuta akitua.