Kanda ya zamani ndiyo nauli ya kurudi
Safu ya Jumapili, na Mwanahawa Shekue

Mtunzi mkongwe akitoa albamu baada ya kimya cha miaka mingi, magazeti yetu huandika habari ile ile: kipaji hakizeeki, nia imeshinda, simba amerejea. Sina ugomvi na kipaji wala na nia. Lakini ukiwafuatilia wale waliorudi kweli, na kazi mpya ikasikilizwa, utakuta kuna kitu kilichowatangulia: rekodi yao ya zamani iliyokuwa bado inauzwa, au iliyotolewa upya ikiwa na jina lao juu yake. Asiyekuwa na rekodi hiyo anaweza kuwa na nyimbo mia kifuani na asimpate hata mmoja wa kumlipia studio. Ndiyo maana huku kwetu kuna wakongwe wengi wanaopendwa na wachache mno wanaorudi.

Mfano mzuri ni Ayub Ogada, mzaliwa wa Mombasa wa mwaka 1956, aliyejulikana kwanza kama Job Seda. Alipitia bendi za Black Savage na African Heritage, kisha akaenda Uingereza na nyatiti yake. Mwaka 1993 kampuni ya Real World ikatoa En Mana Kuoyo, albamu ya vitu vichache mno: sauti isiyo na haraka na chombo cha nyuzi nane. Wapigaji wa nyatiti wa jadi huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, wakagongea chombo chenyewe huku vidole vya mikono vikitembea juu ya nyuzi, hata mtu mmoja akatosha kuwa bendi. Baada ya hapo, ukiacha ushirikiano wa hapa na pale, msikilizaji wa kawaida alisubiri hadi mwaka 2015 ilipotoka Kodhi. Ni miaka 22. Katika miaka hiyo wimbo Kothbiro, wa albamu ile ya 1993, haukutoka sokoni, na mwaka 2005 filamu The Constant Gardener iliupeleka kwa watu ambao hawajawahi kuiona nyatiti kwa macho. Kwa hiyo mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren, aliyeshirikiana naye katika Kodhi, hakuwa anamfufua mzee aliyesahauliwa. Sauti ile ilikuwa inajulikana tayari.

Hata hivyo, litazame jina kamili la albamu hiyo. Linaitaja kuwa ni safari za Trevor Warren pamoja na Ayub Ogada. Mwenye nyatiti katajwa wa pili. Simlaumu Warren, maana bila yeye pengine tusingepata kitu, na Ogada alifariki Februari 2019. Nasema tu kwamba anayelipa nauli ndiye huchagua njia, na katika nyimbo kadhaa za Kodhi mtu anatamani gitaa linyamaze kidogo.

Ogada si peke yake. Hailu Mergia, mpiga kinanda wa Walias Band ya Addis Ababa, alibaki Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hatimaye akawa dereva wa teksi jijini Washington. Kinanda alikiweka kwenye buti la gari, akajifua huku akisubiri abiria uwanja wa ndege. Kwa maneno mengine, nia hakuikosa hata siku moja. Lakini albamu mpya, Lala Belu, ilitoka mwaka 2018, miaka mitano baada ya kampuni ndogo ya Marekani kuitoa upya kaseti yake ya mwaka 1985. Vashti Bunyan wa Uingereza naye alitoa albamu mwaka 1970, haikununuliwa, akaacha muziki na kulea watoto. Ilitolewa upya mwaka 2000, na mwaka 2005 akatoa ya pili.

Sasa tuje Dar es Salaam. Kwa miaka mingi bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania kwa ajili ya kurushwa hewani. Kiwanda cha kufyatua santuri hatukuwa nacho, na waliotaka santuri walivuka kwenda Nairobi. Matokeo yake ni kwamba mtunzi alisikika nchi nzima bila kuwa na kitu dukani. Nyimbo zake zinapigwa mpaka leo kwenye vipindi vya zilipendwa, mtangazaji akitaja bendi na kulisahau jina la aliyekaa chini akatunga. Mapenzi yapo tele, ila hayana anwani ya kupeleka malipo.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila kitu kiko YouTube. Ni kweli, na ni bure. Tatizo ni hilo hilo: anayepandisha wimbo wa watu hana mkataba wa kumtumia mtunzi wala sababu ya kumtafuta, na mara nyingi hata jina halijui. Kampuni iliyotoa upya kaseti ya Mergia ilibidi impigie simu. Wengine watahoji kwa nini tuwatajirishe Wazungu wanaochapisha urithi wetu. Hoja hiyo ina uzito, na ningeiunga mkono kwa nguvu zaidi kama kanda za Radio Tanzania, ambazo leo ziko Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), tungekuwa tunazitoa wenyewe. Kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, ilianza mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005, na wengi wetu taarabu na dansi ya zamani iliyosafishwa vizuri tumeipatia humo. Kulalamikia aliyefanya huku tumekalia mzigo ni unafiki kidogo.

TBC haina haja ya kugeuka kampuni ya muziki. Itoe orodha ya kanda zilizopo, majina ya watunzi yakiwamo, kisha itoe leseni za muda maalumu kwa yeyote atakayesaini na mtunzi mwenyewe mbele ya Ofisi ya Hakimiliki. Sheria tunayo tangu mwaka 1999. Na kazi ianze na walio hai, kwa sababu warithi wanaweza kupokea mirabaha lakini hawawezi kwenda studio kwa niaba ya marehemu.