Mhitimu Alitoka Nairobi, Mbona Jina Lililochafuka ni la Garissa?

Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 2015, watu wengi Kenya walikuwa hawana hamu hata ya pilau. Siku tatu nyuma, Alhamisi alfajiri, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wakawatenganisha wanafunzi kwa dini zao na kuanza kuua. Hesabu ya mwisho ilifika watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Sasa Jumapili hiyo msemaji wa wizara ya mambo ya ndani akatoa taarifa ambayo watu hawakuitegemea kabisa: mmoja wa wale wauaji ametambuliwa, ni Mkenya, mtoto wa chifu kutoka Mandera, na ana shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Alihitimu 2013.

Mitandao ikawaka. Ile Twitter ambayo wiki hiyo hiyo watu waliitumia kuposti sura na majina ya marehemu, kwa ile hashtag ya #147NotJustANumber, ikageuka ghafla. Picha ya kijana ikaanza kuzunguka. Mwanasheria! Tena wa UoN! Watu walikuwa wamezoea stori ya kijana masikini asiye na shule anayedanganywa kwa pesa kidogo, halafu kumbe huyu ni msomi, mtoto wa kiongozi wa serikali, wa kitivo ambacho kimetoa majaji na mawakili wakubwa wa nchi. Swali likawa moja tu: pale chuoni wanafundisha nini?

Swali zuri kwa kupata like. Lakini ukilikalia chini utaona limeelekezwa pasipo.

Anza na tarehe zenyewe. Kijana amemaliza chuo 2013, ameshambulia 2015. Katikati hapo kuna karibu miaka miwili ambayo hakuwa mwanafunzi wa mtu. Chuo hakina rejista ya wahitimu wanalala wapi na wanaongea na nani. Chuo chenyewe kina makumi ya maelfu ya wanafunzi kwa wakati mmoja, kuna watu wanamaliza miaka minne pale na mhadhiri hajui hata sura zao, anajua namba ya usajili tu. Halafu mtu anategemea mhadhiri huyo huyo ajue mhitimu wake amepotelea Somalia!

Aliyejua yupo. Baba yake.

Hii ndiyo sehemu ambayo watu waliipita haraka sana, na ndiyo iliyotakiwa kuongelewa wiki nzima. Serikali yenyewe ilisema kwamba yule mzee alikuwa amesharipoti kwa vyombo vya usalama kuwa mtoto wake haonekani na ana wasiwasi amevuka mpaka. Chifu kwa Kenya ni mtumishi wa serikali, yaani hapo ni serikali inaripotiwa na mtu wake mwenyewe. Fikiria ugumu wa hilo jambo. Mzazi anamtaja mwanaye kwa polisi, akijua wakimkamata inaweza kuwa ndiyo mwisho wake, na bado anamtaja. Amefanya kile ambacho kila tangazo la usalama linawaambia wazazi wafanye. Taarifa ikaenda. Halafu mara nyingine jina la mtoto kutajwa, lilitajwa pamoja na idadi ya maiti.

Kwa hiyo badala ya kuuliza chuo kilifundisha nini, mtu angeuliza ile taarifa ya mzee ilifika meza ya nani na ikafanyiwa nini. Hilo halikuvuma. Halina picha ya joho la mahafali.

Na siyo Kenya tu. Sikukuu ya Krismasi 2009 kijana wa Kinaijeria alijaribu kulipua ndege iliyokuwa inakwenda Detroit, Marekani, bomu likiwa limefichwa kwenye nguo yake ya ndani. Likashindwa kulipuka, abiria wakamdaka. Kumbe alisoma uhandisi University College London, akamaliza 2008, na pale chuoni aliwahi kuwa rais wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu. Magazeti ya Uingereza yakakishukia kile chuo kama mwewe. Ila cheki hii: baba yake, mwanabenki, mtu mzito kabisa Nigeria, alikuwa ameenda mwenyewe ubalozi wa Marekani Abuja mwezi mmoja kabla, kuwaambia ana wasiwasi na mwanaye. Mzee wa Mandera na mzee wa Nigeria hawajuani, hawana pesa sawa, hawaishi dunia moja, na stori yao ni ile ile. Mzazi alisema, waliosikia hawakufanya kitu cha kuzuia, lawama ikaangukia chuo.

Tofauti ipo kwenye kile chuo cha London kilichofanya. Hakikukana. Hakikusema "alipita tu hapa". Kilikubali hadharani kwamba ni mwanafunzi wetu na aliongoza jumuiya, kikaunda jopo huru lichunguze, na ripoti ikatoka Oktoba 2010 ikisema hawakupata ushahidi kwamba alibadilika akiwa pale. Mtu anaweza kubisha na ripoti, na wapo waliobisha. Lakini imeandikwa, inasomeka, mwenye hoja anajua aanzie ukurasa gani. Na chuo hakijafa, kipo mpaka leo kwenye orodha za vyuo bora duniani. Wakubwa wa vyuo vya huku kwetu wanaoogopa kuongea kwa sababu ya "jina la taasisi" waangalie hapo. Kukaa kimya ndiyo kunaleta umbea.

Sasa turudi Nairobi, maana kuna tukio moja ambalo lingetakiwa kuwafunga midomo wale waliokuwa wanakiita chuo kile kiota cha magaidi.

Tarehe 12 Aprili 2015, siku kumi tu baada ya Garissa, wiki moja baada ya taarifa ya yule mhitimu. Alfajiri, watu wamelala, kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi hitilafu ya umeme ikapiga mlipuko mkubwa. Umeme tu. Lakini wale vijana wiki nzima walikuwa wanaangalia picha za wenzao wa Garissa. Waliposikia mshindo hawakuuliza. Wakakimbia, wakakanyagana, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mwanafunzi mmoja akafa, zaidi ya 100 wakaumia. Hapakuwa na gaidi hata mmoja pale.

Hao ndio watu wa chuo kile. Wenye woga wa kufa, wanaoruka dirishani wakiwa na nguo za kulalia. Mtu mmoja aliyehitimu miaka miwili nyuma ndiye aliyeonekana sura ya UoN, na hawa walioumia kwa hofu yake hawakuonekana.

Ila tuseme ukweli, ile kashfa haikukiumiza sana chuo chenyewe. UoN ni mkubwa. Ni chuo kongwe, kipo katikati ya jiji, mawaziri wamesoma pale, wazazi wanauza ng'ombe mtoto aende pale. Kelele zikapigwa wiki mbili, zikaisha. Udahili uliofuata watu walijaza fomu kama kawaida. Hakuna mwajiri aliyesema "ah, sheria ya Nairobi, huyu tumwogope".

Waliobaki na doa ni wengine. Wa kwanza ni wanafunzi wenye asili ya Kisomali, wa Nairobi na vyuo vingine. Hao hakuna aliyeandika kwenye gazeti kwamba wanashukiwa. Ni vile tu mtu wa jina fulani akiingia bwenini na begi kubwa, chumba kinanyamaza. Ni utani wa "wewe usije ukatulipua", ambao mwenye kuusema anacheka na mwenye kuambiwa inabidi naye acheke. Kama kuna mtu anafikiri utani huo hauumi, amuulize yeyote aliyesoma na jina linaloanzia Abdi miaka ile. Na kama ni kwa kabila tu ndiyo watu wanataka kumtambua gaidi, wangojee, kwa sababu Januari 2019 lilipovamiwa eneo la hoteli ya DusitD2 pale Nairobi, mmoja wa washambuliaji aliripotiwa kuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya. Na kesi ya Garissa ilipoisha mwaka huo huo, mtu aliyepewa kifungo cha maisha alikuwa Mtanzania, na wenzake wawili wakala miaka 41 kila mmoja. Mtanzania! Wabongo waliokuwa wanachangia kwa nguvu kuhusu "Wasomali wa Kenya" siku hiyo walikuwa wametulia sana.

Wa pili, na hapa ndipo roho inauma, ni Garissa.

Chuo cha Garissa hakikumzalisha yule mhitimu. Hakikumfundisha hata somo moja. Kilikuwa chuo cha ualimu, kikapandishwa hadhi 2011 kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Moi, na kwa mkoa ule wa kaskazini mashariki kilikuwa kitu kikubwa mno. Ni upande wa nchi ambao kwa miaka mingi mtoto akitaka digrii ilibidi aondoke kwao. Mara hii ikawa kinyume, watoto kutoka pande nyingine za Kenya ndio wakapanda basi kwenda kusoma Garissa. Hao ndio waliouawa kwa wingi.

Baada ya shambulio chuo kikafungwa. Walionusurika wakahamishiwa Eldoret, kampasi kuu ya Moi. Kilipofunguliwa Januari 2016, kwenye chuo kilichokuwa na wanafunzi karibu 800, waliorudi wakati ule walikuwa makumi tu, wengi wao wenyeji wa pale pale. Kikajengwa upya taratibu, kikaongezewa ulinzi, 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo kinafundisha, kinatoa wahitimu, kina mahafali yake kama vyuo vingine. Lakini mwambie mtu wa Dar au Nairobi neno "Garissa" uone kinachomjia kichwani. Hatasema chuo. Atasema lile tukio. Jina la mji mzima, lenye soko na shule na mto Tana unapita, limekuwa jina la siku moja.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Chuo alichosoma muuaji kimeendelea na heshima yake. Chuo alichoua watu ndicho wazazi wanakiogopa. Aliyechomwa kisu ndiye anaepukwa barabarani kwa sababu nguo zina damu, na jirani wa mwenye kisu anasalimiwa tu vizuri.

Utasema wazazi wanaogopa usalama, siyo jina. Sawa, na mzazi wa mtu aliyezikwa hapaswi kufundishwa na yeyote. Lakini siku chache kabla ya shambulio vyuo kadhaa Kenya vilikuwa vimeshatahadharishwa kwamba chuo kinaweza kulengwa, na bado pale Garissa, mji wa karibu na mpaka kuliko vyote hivyo, geti lilikuwa na polisi wachache wa kuhesabu kwa vidole. Shambulio lilianza alfajiri, kikosi maalumu kutoka Nairobi kikafika mchana. Hilo siyo kosa la mwalimu wa Garissa wala la mwanafunzi aliyejaza fomu kuja kusoma ualimu. Hayo maamuzi yalifanyika kwenye maofisi ya jiji lile lile lenye chuo kisichoogopwa.

Kuna binti au kijana atamaliza Garissa mwaka huu, atakaa mbele ya meza ya mwajiri na cheti chake. Mwajiri atasoma jina la chuo, atanyanyua uso, na kabla ya kuuliza alisomea nini atauliza, "Kule Garissa kulikotokea yale mambo?" Atajibu ndiyo. Mwenzake aliyemaliza sheria Nairobi, anayesubiri nje kwenye kiti, hataulizwa kitu kama hicho.